Mzee Anapumua

Uyole, Mbeya
Jumatano

Mama yangu,

Kamwene! Umeamkaje huko Mlandege? Magoti je, bado yanakusumbua baridi ikishuka? Na wale kuku weusi bado wanalala kwako, au wameshahamia kwa jirani yule anayewaita kwa pumba halafu anasema wamejileta wenyewe? Mimi mzima. Nakula, nalala, na viazi vinateremka kutoka Isyonje kila wiki, ingawa mvua imeigeuza ile njia ya shambani kuwa uji mtupu.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika kwenye karatasi wakati simu ninayo. Mama, wewe simu yako unaiweka spika. Unapokea umesimama kibarazani, na baba mdogo Mathias yuko pale pale anachonga mpini wa jembe, mpini wenyewe hauishi mwaka wa pili huu. Maneno ya leo siyataki kibarazani. Barua hii nampa mama mmoja msafiri anayeshuka Ipogolo, mtu wa kanisani kwetu huku. Nimemwangalia sana usoni kabla ya kumwamini, na hata sasa sijui.

Ni habari za Lugano. Jumapili baada ya ibada mshenga wake anakuja kwako kuchukua jibu la posa. Nilipokuja nyumbani mara ya mwisho nilikuambia jibu ni ndiyo, ukafurahi, ukapiga vigelegele peke yako jikoni. Sasa nakuomba usimjibu mtu kitu chochote kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Kaa chini kwanza.

Yameanzia kwenye pikapu ya marehemu baba. Huku nako wanaiita Mzee kama mlivyokuwa mnaiita huko, maana asubuhi inakohoa kabla ya kuwaka. Wote huku wanasema “Mzee ameamkaje,” “Mzee amebeba nini leo,” hata wapakiaji wa viazi. Lugano ndiye fundi wake, hilo unalijua, ndiko tulikojuana. Kama wiki mbili zilizopita alikuwa amemchukua kubadilisha oili na chujio, akamrudisha mchana, akanipa ufunguo, akasema, “Yuko sawa.” Maneno mawili tu. Mimi fundi akiniambia maneno machache naanza kuhesabu spea.

Basi asubuhi yake nikafungua boneti kuongeza maji. Unakumbuka baba alivyokuwa ananisimamisha pale mbele ya injini ananifundisha kama katekista? Pembeni ya kifuniko cha kumwagia oili kulikuwa na mpira mweusi, mnene kama kidole gumba, unaotoka kwenye injini na kuingia kwenye bomba la hewa. Baba aliuita mpira wa kupumulia. Alisema injini ikifanya kazi inajaa moshi tumboni, moshi wenye mafuta mafuta, na ule mpira unaurudisha kwenye njia ya hewa ili uungulie humo humo. Sasa naangalia, mpira haupo! Pale kwenye bomba la hewa pamezibwa kizibo cha chuma kwa klempu mpya inang’aa. Na kwenye injini kumefungwa mpira mwingine, mrefu, umepita ubavuni ukateremka hadi kwenye kikopo kilichofungwa kwenye chesisi, halafu ukaendelea nyuma, chini ya bodi. Nililala kwenye matope na gauni langu la sokoni kuufuata unakoishia.

Mama, moyo ulinilipuka. Si kwa sababu ya mpira. Kwa sababu hakuniambia. Mtu anakuja kwenye gari la baba yangu, anahamisha kitu kilichokaa pale tangu nasoma shule ya msingi, halafu ananiambia yuko sawa!

Sikumuuliza. Unanijua, mimi nikishuku huwa siulizi, nachunguza kwanza. Nikampeleka Mzee kwa Bwana Nurdin, yule Mhindi wa duka la spea pale Mwanjelwa. Yeye kazaliwa Iringa, anaijua Mlandege kuliko hata mimi, na kila nikienda anakuuliza wewe na ananisimulia jinsi baba alivyokuwa akibishana naye bei mpaka chai inapoa. Akatoka dukani na kanzu yake nyeupe, akasema niwashe. Injini ikiwa inanguruma akafungua kile kifuniko cha oili. Moshi ukatoka pale puf, puf, puf, kama sufuria ya makande.

“Binti,” akasema, “huyu anapumua.”

Nikamwuliza anapumua maana yake nini. Akaniambia ndani ya injini kuna ringi za pistoni, zikilika, moto unapenya kwenda chini, unatafuta pa kutokea. Injini ikifika hapo mafundi wote watakuambia inapumua, na maana yake imechoka, inataka kufunguliwa yote.

Kisha akainama kuangalia ule mpira mpya. Akacheka kidogo, lile cheko la mfanyabiashara. “Hii kazi nimeiona sana. Mtu akitaka kuuza gari lililochoka, anateremsha mpira chini, moshi unatokea huko nyuma. Mnunuzi akifungua boneti anakuta pasafi. Nani amekufanyia?”

Nikasema sijui. Nilikuwa najua, lakini aibu ilinishika, mama. Jina la mtu aliyeleta posa nitalitajaje pale mbele ya wateja?

Siku iliyofuata nikapika ndizi na maharage nikampelekea Lugano gereji mchana. Usinicheke. Sikuwa nimekwenda kwa mapenzi, nilikwenda kumtazama macho. Nilipofika hakuwepo mbele, nikasikia sauti yake nyuma ya lori lililokuwa limepandishwa jeki. Alikuwa anaongea na simu, anaongea chini chini. Nikasimama. Ndiyo, nilisimama nikasikiliza, na hotpoti mkononi.

“Mzee anapumua tu sasa,” alisema. “Hakuna cha kufanya, ni uzee. Ila Sabina asijue kwanza. Mpaka mambo ya Iringa yaishe.”

Mama! Nilirudi nyumbani na zile ndizi, nikazila mwenyewe kwa hasira. Kila kitu kikapangika. Mambo ya Iringa ni posa. Mambo ya Iringa yakiisha mimi ni mke, na gari la mke kwa baadhi ya wanaume ni gari la mume. Nikakumbuka aliwahi kuniuliza kadi ya gari naiweka wapi. Nikakumbuka kuna rafiki yake wa Igawilo alimzunguka Mzee siku moja akipigapiga matairi kwa mguu. Nikakumbuka hata alivyokuwa anasema “tutapumzika ukishakuwa kwangu,” maneno niliyoyaona matamu, yakawa machungu. Kadi nikaihamisha kabatini. Ufunguo nikaanza kulala nao chini ya mto. Nikaona kumbe mtu mzima mimi, mfanyabiashara, nimeingizwa mjini kama mgeni wa stendi.

Na kilichoniuma zaidi si gari. Nilikuwa nampenda. Ninakuambia wewe kwa sababu wewe ni mama yangu na hii ni karatasi, haina spika.

Kesho yake nikaendesha hadi gereji, nikamkuta ameinama kwenye injini ya Noah ya mtu. Sikumsalimu. Nikasema, “Lugano, Mzee anapumua.”

Akanyanyuka. Mama, uso wake ulibadilika, ukawa kama wa mtu aliyepigwa kofi. Akaiweka spana chini taratibu. “Nani amekuambia?”

“Sijaambiwa na mtu. Nimemwona kwa macho yangu.”

“Umemwona? Lini?”

“Juzi. Na Bwana Nurdin naye amemwona.”

“Bwana Nurdin alifuata nini kule?” Anauliza huku sauti inamtetemeka, na mimi nikaona, ahaa, mwizi kashikwa.

“Usibadilishe maneno. Nilikusikia mwenyewe na simu. Sabina asijue mpaka mambo ya Iringa yaishe. Kwani mimi ni mtoto? Sema ukweli hapa hapa. Amekwisha au hajakwisha?”

“Daktari hajasema hivyo,” akajibu, polepole.

“Daktari!” Nikapiga makofi. “Siku hizi mafundi mmekuwa madaktari?”

Hapo akaketi juu ya tairi chakavu, akafunika uso kwa mikono yake ile yenye grisi. “Sabina,” akasema, “baba yangu yuko wodini. Wiki ya pili sasa. Mapafu.”

Kumbe, mama! Mimi naongea habari ya gari, yeye anaongea habari ya baba yake. Na tungeendelea hivyo mpaka jioni, maana wote wawili ni Mzee, na wote wawili walikuwa wanapumua.

Sasa usidhani nililainika mara moja. Shaka ikishaingia haitoki kirahisi. Nikajiambia, na hii isije ikawa ujanja, wa kuniziba mdomo kwa huruma. Kwanza nikamwuliza kuhusu mpira. Akanijibu bila kupepesa. Alipofungua bomba la hewa alikuta oili imetuama humo, nyingi. Akasema injini ya dizeli iliyochoka ikivuta oili yake yenyewe inaweza kuanza kukimbia peke yake, unazima ufunguo na haizimiki, inapandisha resi mpaka ipasuke, na mimi napita na mzigo kwenye kona za Isyonje. Ndiyo maana akauhamisha mpira, oili idondokee kwenye kikopo isirudi kwenye injini.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungekataa.”

Nikafikiri. Kweli ningekataa. Ningesema baba aliuacha pale, utakaa pale. Lakini nikamwambia, “Ningekataa, ndiyo, na tungebishana, na ungeshinda. Moshi wenyewe upo vilevile, umeuhamishia njia nyingine tu mimi nisiuone. Na baba yako umenifanyia hivyo hivyo. Uliniambia yuko Tukuyu anapalilia migomba!”

Akaeleza. Ni shangazi yake, Tusekile, dada wa huyo baba, ndiye aliyekataza. Alisema mzee akifariki posa haijajibiwa, kutakuwa na matanga, mambo yatasimama hata mwaka, na upande wa Iringa mtasema nyumba yao ina mkosi. Afadhali jibu lipatikane kwanza. Na mgonjwa mwenyewe naye walikuwa wanamficha. Kila siku wanamwambia ni baridi tu, Jumatatu utatoka. Jumatatu inapita, wanasema Jumatatu nyingine.

“Twende nikamwone,” nikasema. Nilitaka kuona kwa macho yangu, sikufichi.

Tulikwenda mchana ule ule. Mama, ni kweli. Mzee mrefu, amekonda, mipira ya hewa puani, kifua kinapanda na kushuka kwa kazi kubwa kama mtu anayesukuma mkokoteni. Shangazi Tusekile alikuwa pembeni na chupa ya uji. Aliponiona alimtazama Lugano kwa jicho ambalo lingekausha nguo. Nikapiga magoti nikamwamkia mgonjwa. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema ni Sabina, wa Iringa. Akatabasamu, “Ah, mwenye gari.”

Shangazi akaanza, “Kaka, si unaona, hata wageni wanakuja, Jumatatu utatoka, daktari ameridhika sana.” Yule mzee hakumtazama hata. Alikuwa ananitazama mimi. Akanishika mkono, akasema kwa vipande vipande, anavuta hewa kila baada ya neno, “Mwanangu. Hawa. Wananificha. Wewe bado. Hujajifunza. Nitapona?”

Nikamwangalia Lugano. Akatikisa kichwa, usiseme. Shangazi naye amenikazia macho. Mama, ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi niliyemfokea mtu mbele ya mafundi kwa sababu ya mpira uliohamishwa, nimwangalie mtu mzima anayeniuliza habari ya uhai wake mwenyewe, nimwambie Jumatatu?

Nikasema, “Baba, mimi si daktari. Lakini nilimsikia mwanao akisema hakuna cha kufanya tena.”

Yule mzee akafumba macho, nikaona machozi yanateremka pembeni kuelekea sikioni. Nikadhani nimemuua. Kisha akanibana mkono, na nguvu alikuwa nazo bado, akasema, “Ndaga.” Ni asante yao hiyo. Akamgeukia Lugano, “Nirudisheni nyumbani. Nina watu wa kusema nao.”

Nje kwenye korido shangazi Tusekile alinivaa. Kwamba nimemkata mgonjwa roho. Kwamba Wahehe tuna vichwa vigumu na mioyo migumu, na si kwa utani, mama, watani hucheka. Kwamba nyumba yao haitaki mwanamke asiyejua neno la kumeza. Lugano alikuwa amesimama pale. Hakunitetea.

Waliposhindwa kumkatalia mzee, Lugano akaja kwangu kuomba gari, maana mgonjwa alitaka alale chali njiani. Nikampa ufunguo. Alitandika godoro nyuma, akafunga turubai, na kabla ya kuondoka akaingia uvunguni akaurefusha ule mpira hadi nyuma kabisa, akaukunjia pembeni, moshi usije ukamfikia baba yake. Nilimwona miguu tu inatokeza. Akaondoka bila kuniaga. Tangu siku hiyo hakuna simu, na mimi sikupiga. Nililia, naona niseme, nililia hadi nikashindwa kwenda kupakia viazi.

Kwa hiyo mama, sababu ya barua ni hii. Naona kabisa kwamba Jumapili mshenga atakuja na uso mwingine. Atakunywa chai yako, atasema hali ya hewa, halafu atatoa maneno ya mviringo, mara vijana bado wanajipanga, mara tusubiri kwanza, na maana yake watakuwa wameirudisha posa. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza, na sababu yake, usije ukasimama pale mbele za watu unatafuta uso wa kuweka. Usibishane naye. Usimtukane shangazi, hata kama utapewa nafasi. Na usiniambie ningenyamaza. Nimejaribu kujiambia hivyo wiki nzima na sijaweza kukubali. Yule mzee alikuwa na haki ya kujua. Lakini naumia, mama. Ningependa kuolewa na yule mtu. Ningependa sana.

Nisalimie kaka Festo huko Mafinga kwenye mbao zake, mwambie nimesikia anasema mimi ndiye niliyemharibia gari baba, tutaonana. Msalimie wifi yangu na mapacha, mwambie vitenge nimempata mtu wa kumletea, ila avipokee mwenyewe. Msalimie bibi mzaa baba, umwinamie sikioni useme jina langu kwa nguvu. Baba mdogo Mathias naye msalimie, mpini ukiisha anijulishe.

Mwanao anayekupenda,
Sabina


Mama, sikuwa nimeifunga bahasha. Ni asubuhi, Alhamisi, nakuandikia nimesimama.

Lugano amekuja sasa hivi, amemrudisha Mzee, matope mpaka kwenye madirisha. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni na ufunguo mkononi. Akasema baba yake bado yupo, amelala kwenye kibaraza chake, anaona migomba yake. Amemwita ndugu yake waliyekuwa hawasemezani tangu Lugano mtoto, wamekaa wameshikana mikono siku nzima. Amewaonyesha wanawe mipaka ya shamba. Amechagua mwenyewe mahali pa kuzikwa. Shangazi Tusekile amekaa kimya, anapika tu.

Nikamwambia nashukuru amenijulisha. Akabaki amesimama. Kisha akasema, “Mimi nikiumwa, wewe utaniambia?”

Nikasema, “Nitakuambia.”

“Hata nikikukataza?”

“Hata ukinikataza.”

Akalia, mama. Mwanaume mzima, mlangoni kwangu, majirani wanapita na ndoo. Akasema, “Basi sitakuficha tena. Njoo nikuonyeshe kikopo, kinatakiwa kumwagwa oili kila wiki.” Ndipo tukalala wote wawili chini ya gari, akanionyesha.

Amesema mshenga anakuja Jumapili kama ilivyopangwa, na anakuja kwa jibu, si kwa maneno ya mviringo. Jibu ni ndiyo. Mpe chakula ale haraka, asilale Iringa, asipitie kwa mtu. Tukuyu kuna mzee anayelisubiri hilo jibu, na anajua kwamba hana muda.

Sabina wako